Chupa Mbili za Maji ya Bomba

Jumatatu, 5 Mei
Nimeuza mitungi kumi na minane ya maji kabla ya adhuhuri. Bomba za Bondeni kavu tena, kila mtu ananiita mimi. Kwa Bi Mwanaisha nikakuta mkutano barazani. Bwana afya. Kijana, shati limepigwa pasi. Anasoma karatasi: homa ya dengi, vekta, sijui nini. Mimi niliishia darasa la tano, lakini hata waliosoma walipiga miayo. Mwisho ndiyo akasema Kiswahili: mbu wa homa hii wanatoka kwenye maji safi mnayoweka majumbani. Akakunja karatasi, akaenda zake. Watu wote wakageuka kuniangalia mimi na mkokoteni wangu.

Jumanne, 6 Mei
Nilikuwa nishafika uani kwa Bi Mwanaisha na mtungi begani. Pipa lake liko wazi. Mbu ametua ukingoni, mchana mweupe, miguu ina madoadoa. Ndani ya maji vidudu vinajipinda, vinapanda na kushuka. Nikainama nione vizuri. Akanifukuza. Mjukuu wake ana homa, analia mifupa. "Peleka mbu wako kwenu, wee Omari!" Mtaa mzima umesikia. Kinyozi naye: "Yakhe, nipimie mbu kilo mbili." Wakacheka. Nikatoka na mtungi wangu.

Alhamisi, 8 Mei
Nyumba tatu tu zimenunua. Namchukia Bi Mwanaisha. Bwana afya namchukia zaidi. Bibi anaogopa, ana mgonjwa ndani. Yule kasoma miaka yote ile, kashindwa kusema mbu anaingilia wapi.
Nimeosha chupa mbili za achari. Maji ya mtungi mmoja, nusu kwa nusu. Moja nimeifunga mdomo kwa kipande cha leso. Ya pili wazi. Zote dirishani.

Jumatano, 14 Mei
Ya wazi ina vidudu. Vile vile vya kujipinda. Ya leso, maji matupu.
Bwana afya karudi leo. Nikaziweka chupa mbele yake. Kaziangalia kama nimemletea uchafu. Kasema huu si utafiti. Bi Mwanaisha kasema nimevitia mwenyewe. Watu wakacheka tena, mpaka watoto.
Sijui nguvu nilitoa wapi. Nikamwambia bibi, "Basi funga moja wewe. Kwa leso yako, kwa fundo lako." Nikammiminia maji yangu chupa mbili nyingine. Kazipokea ili anifedheheshe. Kaapa mbele ya watu: zote mbili zikitoa wadudu, mkokoteni wangu usionekane tena mtaa huu.

Jumapili, 18 Mei
Chupa ziko dirishani kwa Bi Mwanaisha, kila apitaye anachungulia. Hakuna kitu. Sina wateja. Nimelala mchana, nimeamka na hasira. Na kama leso ina tundu? Na kama mbu hawaji kabisa? Nikihama hapa niende wapi? Bondeni ndipo pekee ninapojua kila mlango.

Alhamisi, 22 Mei
Nilisikia sauti ya Bi Mwanaisha kabla sijafika kichochoroni. Nikasimama kando. Ameshika chupa mbili, moja kila mkono, anampigia kinyozi kelele.
"Tazama hii ya wazi, vidudu vitupu; tazama na hii ya leso, hamna hata kimoja! Maji hayana neno. Mbu anatoka nje, anakuja kutaga. Ukimfungia mlango atatagia wapi? Funika pipa lako, mvivu wee!"
Kinyozi kafunika. Dakika moja tu, na kila mtu kaelewa. Jina langu hakulitaja.

Ijumaa, 23 Mei
Kaniita dirishani. Mitungi minne. Hakuniangalia. Pipa limesuguliwa mpaka ukingoni, limekauka. Mjukuu kakaa ngazini, kakonda, anatafuna mkate wa bofulo. Nilimimina. Bibi alisimama na leso mkononi, mtungi wa nne ulipokwisha tu akalifunga pipa, akakaza kamba, akapitisha kidole pembeni kutafuta mwanya.
Hakuomba radhi. Sikungoja.
Nyumba ya pili wakaita.