Dada wa Kwenye Hadithi

Ipoh,
Ramadhani 20.

Kwa Kak Long, dada yangu mkubwa,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo, funga inakwenda vizuri ila joto tu. Mke wangu anakusalimu sana, anauliza kama lile tunda la durian ulilochachua bado lipo mtungini, kwa sababu la sokoni huku haliliki.

Nastaafu mwezi ujao, Dada. Chuo kinachapa kitabu cha kuniaga, na mwanzoni wameweka hadithi yangu ya kwanza, ile ya ghala la mpunga lililoungua, iliyotoka gazetini. Ndiyo iliyonipa jina nikiwa na miaka kumi na tisa, ikanifikisha kwenye kazi hii ya kufundisha watoto wa watu kuandika.

Jumatatu niliisoma darasani. Unakumbuka ilivyo: moto wa makumbi ya nazi unawashwa ili moshi ufukuze mbu kwenye zizi la nyati, dada mkubwa anaambiwa auzime, yeye anabaki uani kucheka na kijana wa jirani, cheche zinafika ghalani. Baba anakwenda mgodi wa bati kutafuta chakula cha wanawe, udongo unamfunika. Nikawaambia wanafunzi, kama ninavyowaambia kila mwaka, kwamba kosa umpe yule ambaye msomaji atampenda, ndipo litauma.

Binti mmoja, Norhaida, ana ulimi huyo, akaniuliza: mwalimu, huyo dada mwenyewe aliulizwa? Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, kisha nikawaruhusu mapema.

Hukuulizwa. Nilikuwa kijana mwenye majivuno, nikafuata mtindo wa waandishi wenzangu wa kubandika kijiji mwishoni mwa jina. Lazim Pauh Manis. Nilijiona bingwa. Sikufikiri kwamba kwetu gazeti husomwa kwa sauti pale kwenye duka la kahawa, na Pauh Manis nzima ina ghala moja tu lililowahi kuungua.

Wiki ya tatu baada ya hadithi kutoka wakaja wazee wa upande wa Zakaria, mchumba wako. Mama aliniambia hawakugombana, walikunywa chai yao, wakasema uchumba umekwisha na pete mbaki nayo. Msichana wa namna hiyo, walisema, hawezi kuachiwa jiko. Nilipokuja likizo uliniuliza taratibu, unakuna nazi, kama yule dada ni wewe. Nikakujibu kwamba ile ni fasihi tu, Kak Long, usiwe mshamba. Ukaendelea kukuna nazi. Hukuolewa, ukamuuguza mama peke yako mpaka tukamzika, na mimi nilikuwa nikipokea tuzo. Naona haya, Dada.

Na kubwa zaidi hulijui. Nyumbani mnadhani wote kwamba ule moto ulichukuliwa na upepo tu. Baba aliniambia mimi niuzime. Nilikuwa na miaka kumi, nimechoka, nikamwambia nimeuzima, nikaenda kulala. Alikufa kule mgodini akiamini nimeuzima. Nilipoandika nilitaka kulitua lile jambo, nikalitua juu yako, kwa sababu nilijua hutanisuta.

Hadithi nimeiondoa kwenye kitabu, mkuu wa chuo kanuna. Mahali pake nimeandika kurasa mbili za mambo yalivyokuwa. Siku ya Idi, watu wakishasali na kabla hawajatawanyika kwenda nyumba kwa nyumba, nitazisoma pale msikitini kijijini, Zakaria na wajukuu zake wakiwepo. Imamu amekubali.

Kisha nitakuja nyumbani kukubusu mkono na kuomba radhi, kama kila mwaka. Mwaka huu usinipe mkono kwa mazoea tu, Kak Long. Ukiuacha mapajani, nitaelewa hujanisamehe, nitakaa hapo chini kwenye ngazi, niondoke jioni.

Nisalimie majirani wote. Mwenyezi Mungu akutunze.

Mimi mdogo wako, niliyeambiwa niuzime,
Lazim bin Deraman