Kwa Mama, Aliyewalilia Waliozikwa Mbali

Mama yangu mpendwa, mama wa lupango yote, nyumba na uwanja wake,

Nimekaa kwenye kiti chako cha plastiki, kile chenye mguu uliofungwa waya, na nimekataa kukitupa kama ulivyokataa wewe miaka yote. Ninakuandikia kwa Kiswahili cha shule na cha kanisa, kile ulichosema kinanifanya nionekane kama ninahubiri. Maneno yako mwenyewe nitayaacha jinsi yalivyotoka mdomoni mwako. Nimechelewa kuandika. Tangu tukuzike mvua zimekuja na kuondoka, na mimi nilikuwa na aibu ya kukuambia nililotaka kufanya na lupango yako. Nitalisema, ila usinikatize.

Unakumbuka majirani walivyoiita? "Kwa bagonjwa ya kichwa." Wewe ulisema ni kwa wageni, basi. Waliofukuzwa Angola, waliotoka Kasai wakifuata shaba na kobalti, waliokimbia vita vya Kivu, wote walifika Kolwezi na mfuko mmoja mgongoni na usingizi uliokwisha kabisa. Hukusomea kazi hiyo. Ulifundisha akina mama kushona kwenye foyer, ile nyumba ya mafunzo ya kampuni ya migodi, na foyer ilipofungwa ukaanza kupokea watu nyumbani kila Jumanne na Jumamosi. Waliohitaji dawa uliwapeleka mwenyewe kwa muuguzi, ukakaa nao kwenye foleni. Wengine uliwapa karanga za kumenya au majani ya muhogo, sombe, ya kuchambua. Hakuna aliyekaa bure kwako, hata padri. "Mutu akishika kitu mu mukono, anasemaka," ulisema, na kweli, kabla beseni halijajaa walikuwa wameanza kusema.

Siku ile shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, alipokuja na majirani wawili kukuambia uwafukuze, nilikuwa jikoni nasikiliza. Akakupigia methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukamjibu bila kuinuka, "Muzuri, shefu. Siku ya tatu mi nitamupatia jembe. Siku ya kwanza na ya pili, weye ulimupatia nini?" Mama! Nilijiziba mdomo na kitenge nisisikike nikicheka. Shefu alikula bukari yako, ugali wa mahindi, siku hiyo, tena aliomba aongezewe mchuzi.

Halafu nikarudi mimi kutoka Lubumbashi na diplome yangu. Asistanti sosiali, mtu wa ustawi wa jamii, mwenye kalamu tatu mfukoni. Niliona kazi yako ni nzuri lakini haina mpango. Watu wanaingia, wanatoka, hakuna anayeandikwa! Jumanne moja ulikuwa umekwenda sokoni, nikatoa meza nje, nikaweka daftari kubwa, nikawapanga watu mstari. Jina, mahali pa kuzaliwa, ulifika lini, unaishi wapi. Nilikuwa najisikia vizuri sana, nisikufiche.

Wa tatu kwenye mstari alikuwa Kalala. Kijana mrefu, mchimbaji, wazazi wake watu wa Kasai, lakini yeye alizaliwa na kukulia Angola. Wiki tatu alikuwa akija kwako na hajasema hata neno moja. Anachambua sombe, basi. Ukimpa maji ya kunywa, anampa aliye pembeni yake. Wewe ulishaliona hilo, mimi sikuliona. Nilimuuliza jina na mahali pa kuzaliwa. Akaliangalia daftari, akaangalia mstari nyuma yake, akageuka akakimbia. Na waliofukuzwa Angola wote wakakimbia pamoja naye. Wengine hawakutafuta mlango, waliruka ukuta wa matofali, mama mmoja akaacha kiatu chake. Nikabaki na meza yangu.

Ulirudi na kikapu chako, ukaangalia lupango tupu, ukaangalia daftari. Nilingoja unipigie kelele. Ukauliza kwa sauti ndogo, "Kule Angola, mbele ya kubapakiza mu kamyo, unajua balibafanya nini?" Sikujua walivyofanywa kabla ya kupakiwa kwenye malori. "Balibapanga mustari. Balibaandika majina."

Ah, mama. Hata leo nikikumbuka, masikio yanawaka.

Hukunifariji, na nakushukuru. Ulisema, "Vala viatu. Tunaenda kubatafuta." Siku nne tulitembea kwenye vumbi lile jekundu, nyumba kwa nyumba, kambi kwa kambi, mpaka kwenye mahema ya plastiki karibu na mashimo. Kwenye kila mlango wewe ulinisukuma mbele niseme mwenyewe. "Nilikosa. Sikujua. Daftari nimelichoma." Na kweli, kwenye mlango wa kwanza ulinifanya nilichome mbele ya watu, kwenye babula, jiko la makaa, la mama mmoja aliyekuwa anapika maharagwe, na yeye akashukuru kwa moto. Walirudi polepole. Kalala ndiye wa mwisho. Tulimkuta ameketi nje ya hema, ana kidumu cha maji miguuni, kimejaa, na midomo yake imepasuka kwa kiu.

Pale ndipo aliposema. Hakusema na mimi. Alisema na wewe, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kireno na Kiluba cha Kasai, na wewe Mluba wa Katanga ukaokota neno hapa na pale. Walipofukuzwa walikuwa wawili, yeye na mdogo wake. Walipovuka mpaka wa Dilolo mdogo alikuwa na homa. Walitembea kwa mguu, na kabla ya kufika Kisenge mdogo akashindwa. Akaomba maji. Kalala akaenda kutafuta maji. Aliporudi, watu wasiowajua walikuwa wameshamfunika kwa majani. Wakamzika kando ya barabara, haraka, kwa maana kila mtu alikuwa na safari. Hakuna aliyeketi chini, hakuna aliyelia. Tangu hapo alimsikia mdogo wake akimwita kila alipofunga macho.

Mimi na diplome yangu nilikuwa nimeshaanza kutafuta jina la ugonjwa. Wewe ulimuuliza jambo moja tu: "Kilio ilifanyika wapi?" Akasema hakuna matanga yaliyofanyika. Ukasema, "Basi itafanyika kwangu, posho ikuyayo." Jumamosi ijayo.

Watu walidhani sasa na wewe kichwa kimekugeuka. Kilio bila maiti? Kilio cha mtu asiyejulikana na yeyote Kolwezi? Mjomba, ndugu yako, alikuja kukukataza, akasema utaita kifo nyumbani. Ukamtuma akanunue makaa. Jumamosi asubuhi mikeka ikatandikwa, wanaume wakakaa upande wao, wanawake wakafunga vitenge kiunoni, sufuria kubwa la kanisa likaletwa, samaki wa tomsoni wa barafu, mchicha wa lengalenga, bukari. Ukaweka sharti moja. Kila anayeingia langoni afanye kama inavyofanywa kwenye kilio chochote: amshike Kalala mkono, akae, amuulize, "Alikufwa namna gani?"

Na wakaingia. Eh, mama, waliingia! Majirani walewale wa "bagonjwa ya kichwa," wachimbaji na vumbi lao, shefu mwenyewe amevaa koti. Kila mmoja akauliza, na kila mmoja Kalala akamsimulia toka mwanzo: mpaka wa Dilolo, homa, maji, majani. Mara ya kwanza alikatiza katikati, akaanza upya. Mara ya kumi alikuwa anakumbuka mambo aliyoyasahau, kwamba mdogo wake alikuwa mwizi wa miwa, kwamba aliimba vibaya. Watu wakacheka, yeye naye akacheka, kisha akaanguka kifudifudi kwenye mkeka akalia kilio cha kweli, na wanawake wakalia naye kama ni mtoto wao. Alipoinuka ulimpa kikombe cha maji. Akanywa chote, akaomba kingine.

Kule shule niliambiwa tusimrudishe mtu kwenye maumivu yake ovyoovyo. Sawa, walimu wangu hawakukosea. Lakini wewe ulijua mtu harudi huko peke yake kama mkeka umejaa watu. Baada ya hapo walikuja wengine. Mama wa Kivu aliyeacha wazazi msituni, kijana ambaye kaka yake aliingia shimoni asitoke. Vilio vingapi tuliviweka pale uani, mama? Niliacha kuhesabu. Nilijifunza kuchota maji, kuwasha babula na kunyamaza, na kunyamaza ndiko kulikonishinda zaidi.

Sasa niseme lile la aibu.

Ulipoondoka, nilidhani watu walikuja kwa ajili yako tu. Jumanne ya kwanza nilifungua, Jumanne ya pili nilifungua, lakini watu wakiingia niliwapa karanga, nikakimbilia jikoni. Nilikuwa nimechoka, nalala na nguo. Na mjomba akaja. Unajua Kolwezi, mama, ukichimba choo mtu anakuja kuchungulia udongo. Mnunuzi mmoja alikuwa amemwambia kwamba chini ya uani kwetu kuna kobalti. Mjomba akasema lupango ni ya dada yake, sasa ni yake. Nami, mama, nikamwambia, "Fanyeni munavyotaka." Nilisema hivyo. Nikaanza kupanga mabenchi ukutani na kufunga sufuria kwenye gunia.

Jumatatu asubuhi wakaja, mjomba, mnunuzi mwenye miwani, na kikundi cha wachimbaji sita na mitaimbo begani. Mkubwa wa kikundi alikuwa ameinama kupita langoni, maana ni mrefu. Alipoinua kichwa nikaona ni Kalala. Sikuwa nimemwona tangu mazishi yako. Mwili umejaa, ana mke sasa, nilisikia.

Aliangalia mabenchi yaliyopangwa. Akaniangalia mimi. Mnunuzi akamwonyesha mahali kwa kidole, pale katikati ya uani, "Anzia hapa."

Kalala akamjibu kwa heshima, kama anayemwita baba, "Tata, apa hatutachimba."

Mnunuzi akacheka. Mchimbaji anayekataa kobalti, Kolwezi hii! Mjomba akapandisha sauti, hii ni lupango ya dada yake, ana haki. Kalala hakupandisha yake. "Tata, mi nakuheshimu. Lakini apa njo pahali tulilia mudogo yangu. Kaburi yake kule njiani, sitaiona tena. Nilibakia na hii pahali tu. Utanipatia nini, kusudi nichimbe apa?" Wenzake wakaweka mitaimbo chini. Wawili kati yao walikuwa wamewahi kukaa kwenye mikeka ile ile, niliwatambua.

Mnunuzi akaenda kutafuta kikundi kingine. Akarudi saa sita na watu wengine, na wa mbele yao akasimama langoni, akavua kofia, akasema, "Ah, ni kwa Mama," akageuka. Kikundi cha tatu hakikufika hata langoni, habari ilikuwa imewatangulia barabarani. Mnunuzi akaondoka na gari lake na vumbi lake. Mjomba akasema atarudi na karatasi za kartie.

Mimi nilikuwa nimesimama na gunia la sufuria mkononi kama mwizi aliyekamatwa. Nilitaka kumwambia Kalala nilichokuwa nimekubali, lakini nadhani mabenchi yalikuwa yameshamwambia. Alichukua benchi la kwanza, akalirudisha mahali pake, akalijaribu kwa mkono kama halichezi. Akaniuliza tu, "Kesho ni Jumanne. Unafungua saa ngapi?"

Ni hapo nilipolia, mama. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, katikati ya uani, mchana, mbele ya wachimbaji sita. Kalala akatandika mkeka. Akanishika mkono, akaketi, akaniuliza kwa adabu, kama hajui, kama hakuwepo mazishini: "Mama alikufwa namna gani?" Nikamweleza toka mwanzo.

Nilifungua saa mbili. Nimefungua kila Jumanne na kila Jumamosi tangu siku hiyo. Ninajivuna kwa ajili yako mpaka natembea vibaya barabarani, na watu wakiniuliza mimi ni nani, nataja jina lako kwanza na diplome baadaye, ikiwa nafasi ipo. Shefu wa kartie amesema hajui karatasi yoyote na hatasaini yoyote. Mjomba bado amenuna, na bado anasema atarudi. Arudi, mama. Atatukuta.

Pumzika sasa. Wageni wamefika leo kutoka Dilolo, nawasikia langoni.

Ni mimi, kitinda mimba wako