Uvimbe Haufi Njaa

Jumatatu, 4 Machi

Wifi kahamia kwetu, yeye na begi lake na simu yake. Kanisikilizisha sauti ya mtu asiyejitambulisha: mwenye kansa ya utumbo mpana, kama mimi, asile, anywe maji tu. Eti mwili ukishikwa na njaa, seli hujila zenyewe, na uvimbe ndio huliwa kwanza. "Wifi yangu, njaa ni dawa isiyo na sindano." Mume wangu kaitikia kwa kichwa. Nimekubali. Nimechoka sindano! Wao wamekula viazi, mimi nimeinamia glasi. Binti yangu kanisogezea kipande alichokwisha kutafuna. Nikakataa. Roho iliniuma.

Jumatano, 6 Machi

Maji tu. Nimeanguka nikimwogesha mtoto. Beseni likanimwagikia — akacheka, kadhani mchezo. Nami nikacheka, nikiwa sakafuni. Wifi anasema ni dalili njema, kansa inatoka. Inatoka? Ninayetoka ni mimi!

Alhamisi, 7 Machi

Kliniki. Nesi kanipandisha kwenye mizani, kanishusha, kanipandisha tena. Dripu ya leo ya dawa ya kansa imeahirishwa. Sina mwili wa kuibeba. Daktari kauliza nimekula nini. Nikaungama kama mtoto aliyevunja kikombe: maji tu.

Hakufoka. Kachora duara nyuma ya bahasha. Ni kweli, seli ikikosa chakula hutafuna vipande vyake chakavu ili iishi. Ila seli za kansa nazo zinaijua hila hiyo, tena vizuri mno. Uvimbe unajitafuna kidogo, unapumua. Na seli za kinga, askari wa mwili? Katika kinyama cha uvimbe walichonikata wakakipime, wamejaa ukingoni, waliopenya ndani wachache. Huko ndani chakula ni cha kugombania. "Sasa mama, askari mwenye njaa atapigana na nani?"

Nikauliza: basi nikila nitapona? Kasema hawezi kuniahidi. Hata watafiti bado wanabishana lini huko kujitafuna kunasaidia na lini kunadhuru. Analolijua ni moja — nikikonda hivi, nakosa matibabu. Nirudi Jumatatu. Mizani ikishuka tena, dripu inangoja tena. Uvimbe haungoji.

Hasira mpaka njaa ikazidi! Nimekula mayai kwenye kibanda nje ya geti, wima, chumvi mpaka puani. Matamu!

Ijumaa, 8 Machi

Nimewaeleza yote, na bahasha nimewaonyesha. Wifi hakunitengea sahani. Nikabandika sufuria mwenyewe. Akazima jiko.

"Unalisha ugonjwa!"

"Namlisha mama wa mtoto."

Hapo wifi kasema mama yao walimlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho, na bado wakamzika. Ugonjwa huuhuu. Sikuwahi kuambiwa! Nikamshika mabega. Nikamwambia, si kijiko chako kilichomuua, dada yangu. Akalia begani kwangu, mzito, kama mtoto aliyesinzia.

Nilipomwachia nikawasha jiko. Pole ni pole, chakula ni chakula.

Jumapili, 10 Machi

Kesho mizani. Maharage yameiva, nyumba nzima inanukia vitunguu. Wifi kaweka begi lake mlangoni. Kamwambia mume wangu: ukimpakulia, mimi naondoka, sikai kushuhudia msiba wa pili.

Mume wangu kajikuna kichwa. "Jamani, mbona mnanibana katikati?"

Nikamwambia hakuna katikati, baba. Kuna sahani, au hakuna sahani.

Kujipakulia naweza. Nitakula leo hata mbingu ishuke! Lakini nataka anipakulie yeye. Kesho nitakapopanda ile mizani nijue tuko wangapi.

Kaingia jikoni, dada yake nyuma. Wananong'ona kama wezi waliokosana. Nimekaa mezani naandika, mtoto pajani, anaigonga meza kwa kijiko changu. Nasikia mfuniko. Sasa wifi anapaza sauti:

"Mdogo wangu, weka huo upawa chini!"

Kumbe ameshaushika.