Betri ya Gramu Ishirini na Tatu

La Rinconada, Alhamisi

Dada yangu Nieves,

Baridi ya huku inatafuna masikio, lakini nakula na nafanya kazi. Zile betri mbili za kuchaji ulizoninunulia zilifika. Zimeandikwa namba kubwa ajabu ya chaji, nikawaringia wenzangu.

Jumatatu tochi ilinizimikia chini mgodini, na tochi yenyewe ni nzima. Nilitambaa gizani masaa manne nikipapasa reli. Mama asijue.

Nikataka kujua sababu. Nikazipeleka kwa Doña Paulina, mama anayenunua dhahabu, azipime uzito.

"Hizi nazo umezichimba shimo lipi?" akaniuliza.

Akapima hata hivyo. Betri yangu kuukuu ya ukubwa uleule, niliyoitoa kwenye kompyuta mbovu, ina gramu arobaini na tano. Yako ishirini na tatu. Tukaifungua, tukakuta kibetri kidogo tu, kwingine kote kumejazwa unga.

Uliandika kwamba mumeo Wilber umemnunulia za aina hiyohiyo, naye anaanza kazi mgodini Jumatatu ijayo. Dereva anayekuletea barua hii atakupa soksi yenye betri yangu kuukuu. Iweke upande mmoja wa mizani yako ya jibini, za Wilber upande wa pili, moja moja. Itakayopanda juu, asishuke nayo.

Mpaka uirudishe, mimi nachambua mawe huku nje.

Kaka yako,
Eleuterio