Askari Wapya Hawasemi Mbukwa

Kaka Daudi,

Shikamoo. Goti la mama limetulia, au bado analifunga kanga na kusema ni baridi tu? Mimi huku Doha ni mzima. Kufua mashuka ya hoteli kunachosha mgongo, lakini nakula, nalala, na namshukuru Mungu. Nimekuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza, na neno lenyewe ni hili: usimuuze yule ng'ombe wako mtamba.

Najua umeshaongea na mnunuzi. Ulisema ukimuuza ukanunua kompyuta yenye nguvu tutacheza gemu mpya ya vita na miji, wewe hapo Mpwapwa, mimi huku, kama zamani. Gemu tuliyoisubiri tangu naingia kidato cha kwanza! Basi mimi nimetangulia kuicheza, kwenye kompyuta ya Sunita, Mnepali ninayekaa naye chumba kimoja. Kaka, imeniudhi mpaka nikakosa hamu ya kula.

Ghala linajijaza lenyewe. Kiangazi hakuna. Unakumbuka kwenye ile ya zamani tulivyokuwa hatupeleki askari hata mmoja vitani mpaka nafaka itoshe? Wewe ulishika kipanya, mimi kazi yangu chakula, na nikisema bado, ulisubiri huku umenuna. Sasa mshale mwekundu unakuonyesha bonyeza hapa, bonyeza pale, kama mtoto wa chekechea. Ukikwama, linafunguka dirisha la kukuuzia askari. Nikajiuliza, sasa mimi humu nafanya nini?

Kilichonimaliza kabisa ni salamu. Ile ya zamani, ukimbonyeza askari alinguruma neno la lugha yao, nasi tukaapa kwamba anasema "Mbukwa!", salamu yetu ya Kigogo. Wagogo wawili mbele ya kioo cha kompyuta chenye ufa, tunaitikia "Mbukwa!" kwanza, ndipo tunamtuma. Siku niliyomtuma mmoja bila kumwitikia ulinifokea: "We Lea, hata kama ni wa kwenye kompyuta, mtu humtumi hujamsalimia!" Mama naye aliitikia kutoka jikoni, akidhani mgeni kaingia. Hawa wapya wanaongea Kiingereza kilichonyooka, ndiyo mkuu, tayari mkuu. Hakuna wa kumwitikia.

Nilinuna siku nzima. Sunita akanionea huruma, akanitafutia ile gemu ya zamani. Nikambonyeza askari. "Mbukwa!" Nikaitikia kwa sauti, na Sunita akageuka kutazama mlangoni, akauliza nani amekuja. Machozi yalikuwa yananitoka.

Haikuwa huzuni, kaka. Nilikuwa nakushukuru. Nilipoanza kazi hapa, msimamizi wetu alikuwa ananiita kwa kidole. Mimi nikawa namsalimia kila asubuhi kabla sijagusa shuka, aitikie asiitikie. Siku hizi ananiwahi yeye, na jina langu analitamka vizuri. Hilo sikufundishwa shuleni, nilifundishwa na wewe, kwenye kibanda chako cha kutengeneza simu pale nyumbani.

Barua hii anakuletea Tatu, mwenzangu wa kazini, anayekuja kwao Kondoa likizo. Amebeba na flashi yenye gemu yetu ya zamani. Kompyuta yako hiyo hiyo kuukuu inaiweza. Jumapili sina zamu. Nipigie simu ya video, uiegemeze simu mahali nione kioo. Shika kipanya, mimi nitalinda chakula. Mtamba abaki, azae, watoto wako wanywe maziwa.

Nisalimie mama, umwambie nalivaa sweta lake, kiyoyozi cha huku hakina huruma. Wifi yangu mwambie nimemwekea mafuta ya nywele kwenye mzigo, usijipake wewe. Mjomba wa Haneti mwambie karanga zake tumezimaliza na Sunita, na aibu hatuna.

Na Jumapili, kaka, ukimbonyeza yule askari wa kwanza, usiharakishe kumwitikia. Niachie mimi.

Mdogo wako, mlinzi wa ghala,
Lea