Ng'ombe wa Mjomba Mwakio

Mpendwa Mghoi,

Hapa Mraru tu wazima. Nyanya yako anakusalimu, na magoti yake yamepata nafuu. Umeniuliza mbona mimi, niliyezipinga amri za wakoloni ujana wangu wote, nakuhimiza utii karantini ya chuo chenu.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa nyumbani, likizoni kutoka chuo kikuu, ng'ombe wa mjomba wangu Mwakio alipokufa ghafla, damu ikimtoka puani. Afisa wa mifugo, Mtaita mwenzetu, akaamuru azikwe bila kuchunwa: alikufa kwa kimeta, ugonjwa unaoua hata watu.

Nikapanda juu ya jiwe. "Wametunyang'anya ardhi! Leo watunyang'anye hata kitoweo?" Watu wakashangilia. Mjomba akaanza kuchuna.

"Wewe msomi," afisa akaniambia, "maneno ni yako. Mbona kisu umemwachia mzee?"

Nikashuka jiweni, nikamsihi mjomba aweke kisu chini. Tulimzika ng'ombe yule pamoja, lakini mjomba alikuwa amekwisha kuchuna mguu mmoja.

Baada ya siku chache kidonda cheusi kikamtokea mkononi. Sindano za zahanati ya Voi zilimwokoa. Nilipokwenda kumwomba radhi, alinikaribisha akitabasamu.

"Mpwa wangu, siku ile ulihutubu vizuri! Hata ungeniambia nimle ng'ombe yule mbichi, ningemla."

Alinisifu kwa dhati, Mghoi, na sijawahi kusikia sifa iliyoniuma kiasi kile.

Akupendaye daima,
Babu yako