Alama za Mtihani Ambao Hawakuufanya

Jumatatu, 3 Juni

Mashine yangu ya zamani imetupwa stoo. Ile ya skrini nyeusi, ya kuandika amri kwa mkono! Mkuu wa shule anasema imepitwa na wakati, siku hizi ni kugusa picha tu. Mke wangu kacheka – eti afadhali, amechoka ukewenza. Sikucheka. Kila mtu na chake kimpendezacho, najua. Lakini kwenye ile, mwanafunzi alilazimika kujua faili lake liko wapi.

Jumatano, 5 Juni

Mtihani wa vitendo, darasa la mwisho. Mtandao ukakatika mapema. Darasa zima mikono mapajani! Nikawaambia waandike na kuhifadhi humohumo kwenye kompyuta, mtandao si lazima. Wakanikodolea macho. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada, ninayemlea mwenyewe, akauliza kwa sauti ndogo: Mwalimu, tunahifadhi wapi kama ile picha ya wingu haipo? Nimeona aibu mimi. Hakuna aliyewasilisha hata mstari.

Alhamisi, 6 Juni

Mfumo mpya umetoa alama. Nikafikicha macho. Wote wamefaulu! Kumbe nafasi tupu inajazwa wastani wa muhula uliopita – na muhula uliopita ulijazwa vivyo hivyo. Nikaenda kwa mkuu. Hata kichwa hakuinua. Akasema: Mfumo umeshasema, mimi na wewe ni nani? Eti nithibitishe alama hizo kesho kabla ya saa sita. Nikikataa, mtihani unarudiwa, na darasa anapewa mwalimu mwingine.

Ijumaa, 7 Juni

Sijathibitisha. Asubuhi mpwa wangu alikuwa anapiga pasi sare huku anaimba. Chuo cha kompyuta kimemkubali, kinasubiri alama hii tu. Mjomba, nitakuwa kama wewe, akasema. Jamani! Nikaondoka, chai nikaiacha mezani.

Niko maabara. Nimemwita, nimempa kompyuta isiyo na mtandao: andika jina lako, hifadhi, funga, kisha nifungulie tena. Basi. Nimejiambia moyoni, akiweza nabonyeza kuthibitisha.

Ameandika vizuri. Amefunga. Sasa analitafuta faili lake, nami naandika hapa nisije nikamsaidia. Anafungua hiki, anafunga kile. Jasho puani. Mkuu amepita dirishani, kagonga saa yake kwa kidole.

Mpwa wangu hakugeuka. Anasema tu, polepole: Mjomba, niliandika. Si umeniona nikiandika?